Gugu la kando ya nyumba na mlango wa sultani: mimea katika miji ya kifalme ya Wamalei

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninasoma usanifu wa mandhari, na kikundi chetu tumepewa kazi ya kupendekeza mimea na michoro ya bustani za mji wa Tanga. Katika kutafuta mifano nimekutana na picha za miji ya kifalme ya Malaysia. Maua yako kila mahali: milangoni, kwenye vitambaa vya dhahabu, mpaka kwenye nembo. Mhadhiri wetu anasema ni mapambo tu, kwa kuwa Uislamu uliwazuia mafundi kuchonga viumbe. Je, ni hilo tu? Na mji unaotaka kutambulika kwa mimea yake uanzie wapi?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amesema kweli, ila ameishia njiani. Uislamu ulipoenea katika rasi ya Malei, hasa kuanzia karne ya 15 wakati wa usultani wa Melaka, mafundi waliziacha taratibu sura za watu na wanyama walizozirithi kutoka dola za Kihindu na Kibuddha, wakaelekea kwenye majani na maua. Hilo linatueleza walichokiacha. Halituelezi kwa nini walichukua mmea huu wakauacha ule. Msitu wa nchi ile ni miongoni mwa misitu yenye aina nyingi kabisa za mimea duniani. Rafflesia, ua kubwa kuliko maua yote, linachanua katika milima ya Perak na Kelantan, dola mbili za rasi hiyo. Kama fundi angekuwa anatafuta pambo la kushangaza, lilikuwa hapo hapo kwao. Lakini mchongaji wa Kelantan alishika patasi akachonga ketumbit, gugu dogo la kando ya nyumba ambalo majani yake ni dawa. Mfumaji wa Terengganu naye akaweka kwenye hariri yake kikonyo cha mangostini, chipukizi la mwanzi na ua la karafuu.

Nimefundisha historia ya nakshi kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu siri ya miji ile imo katika uchaguzi huo. Mmea haukufika mlangoni mwa sultani kabla haujapita mikononi, puani na kinywani mwa watu wa kawaida. Ulipochongwa, kila aliyepita njiani aliujua.

Tazama bunga tanjung. Ni mti wa kivuli, na maua yake ni madogo, ya rangi ya maziwa, yenye umbo la nyota. Hudondoka yakiwa mazima, kwa hiyo asubuhi chini ya mti panakuwa pametandikwa. Watu huyaokota na kuyatunga kwenye uzi, na hata yakikauka harufu yake haiondoki. Hiyo nyota ndogo ndiyo unayoiona imetapakaa kwenye songket, kile kitambaa kinachofumwa kwa nyuzi za dhahabu au fedha, ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Utaiona tena kwenye ukili wa mikeka na kwenye kuta za mianzi iliyosukwa. Umbo lake ni jepesi kwa mfumaji anayehesabu nyuzi, na kila mvaaji ameshawahi kulinusa ua lenyewe.

Chipukizi la mwanzi, pucuk rebung, lina heshima kubwa zaidi. Ni zile pembetatu ndefu zilizopangwa safu kwenye sehemu ya kitambaa iitwayo "kichwa". Kama kanga ilivyo na pindo na mji, kitambaa cha Kimalei nacho kina kichwa, mwili na mguu, na kila mchoro una mahali pake pa kukaa. Mvaaji hawezi kuyaweka machipukizi popote atakapo. Chipukizi lenyewe ni mboga, linapikwa kwa tui la nazi. Pia limo kwenye methali yao isemayo kwamba mwanzi hukunjwa ungali chipukizi. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo mwanamke anayejifunga kitambaa hicho amejifunga chakula, malezi na matumaini ya kukua, wala hahitaji mtu wa kumfafanulia.

Mangostini, ukiligeuza tunda, lina alama kitakoni mfano wa ua. Hesabu vijipande vya alama hiyo, utajua idadi ya vipande vyeupe vilivyomo ndani kabla hujapasua ganda. Wazee wa kule wanaliona kuwa tunda lisilodanganya, na mchoro wake unasomwa kwa maana hiyo ya unyofu. Ua la karafuu halihitaji maelezo kwa mtu wa pwani yetu. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki zaidi ya Malei, nayo ilifika Unguja karne ya 19 ikipitia visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Wamalei walikuwa wameifahamu karafuu kwa biashara karne nyingi kabla ya hapo.

Sasa ingia uani. Nyumba ya jadi ya Kimalei ina bustani ambayo mtu wa mjini anaweza kudhani imeota yenyewe. Mbele ya nyumba kuna vichaka vya harufu: yasmini, champaka, mlangilangi, waridi. Karibu na jiko kuna mchaichai, manjano na tangawizi za aina aina, pamoja na majani yenye harufu ya jamii ya mkadi. Nyuma kuna minazi, mipopoo, mti wa mangostini au wa duriani. Mgeni anakaribishwa kwa harufu, mgonjwa anachumiwa dawa hatua chache kutoka kitandani, na mpishi hafiki sokoni kwa ajili ya kiungo. Nenda ukasome orodha ya michoro ya songket na ya mbao, kisha urudi uani na orodha hiyo mkononi. Utaikuta karibu yote imeota hapo.

Tambuu ni mfano mzuri zaidi kwako wewe uliyezaliwa pwani. Jani la tambuu na popoo ni adabu ya kumpokea mgeni kule kama ilivyokuwa kwetu kwenye harusi na maulidi. Kisanduku cha tambuu, tepak sirih, huwekwa mbele ya wazazi wa binti wakati wa kuposa, na huwekwa pia mbele ya sultani. Cha mwananchi ni cha mbao, cha ikulu ni cha fedha au dhahabu, lakini jani lililomo ndani ni lilelile. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kwamba mji wa kifalme lazima uwe na maua yake ya pekee yasiyopatikana kwa raia. Kilichomtofautisha mfalme kilikuwa rangi ya njano, ambayo raia hakuruhusiwa kuivaa, pamoja na wingi wa dhahabu na ustadi wa fundi. Maua waligawana.

Nije kwenye mbao, maana hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mafundi wa Kelantan, Terengganu na Patani (ambayo leo iko kusini mwa Thailand) walikuwa na kanuni za kuchonga ambazo zilikuwa pia kanuni za kuishi. Mmea uliochongwa lazima uwe na chanzo: mtungi, mbegu au fundo la jani, na mara nyingi chanzo hicho hufichwa, mtazamaji akitafute. Kutoka hapo shina linapanda, linapita chini ya tawi jingine, linatokea upande wa pili, linajikunja. Ncha ya jani haimchomi jirani yake. Mtambaa haumkanyagi mwenzake ili ufike juu. Kila tawi linapata nafasi kwa kuzunguka, na mwisho wake linainama kuelekea ndani. Fundi aliyetoboa ubao ncha zikagombana alihesabiwa kuwa hajakomaa, hata kama patasi yake ilikuwa kali namna gani. Ubao wenyewe mara nyingi ulikuwa wa cengal, mti mgumu unaostahimili mchwa na mvua, na ulitobolewa mpaka upande wa pili kisha ukawekwa juu ya mlango au dirisha. Katika nchi yenye joto na unyevu, matundu yale yaliingiza upepo na mwanga uliochujwa. Kwa hiyo, unapomwambia mhadhiri wako kwamba si pambo tu, mwonyeshe hayo mambo mawili: ubao ule ulipoza chumba, na uliwakumbusha waliokaa chini yake namna ya kukaa pamoja.

Miji yenyewe haifanani, na hapa nakuomba uwe mwangalifu. Dola zenye watawala wa kifalme ziko tisa, na kila moja ina mji wake wa kifalme: Kuala Kangsar wa Perak, Klang wa Selangor, Pekan wa Pahang, Seri Menanti wa Negeri Sembilan, Arau wa Perlis, na kadhalika. Muar wa Johor ulitangazwa kuwa mji wa kifalme mwaka 2012.

Kota Bharu, mji wa sultani wa Kelantan, una jumba la mbao la karne ya 19 liitwalo Istana Jahar, ambalo sasa ni makumbusho ya mila na sherehe za kifalme. Lilipata jina hilo kutokana na mti wa jahar uliokuwa umeota kando yake. Mti huo unaujua, ni mjohoro wetu wenye maua ya njano, ule uliopandwa kando ya barabara nyingi za Tanzania na Kenya kwa kivuli, nguzo na kuni. Jumba la mfalme likachukua jina la mti wa uani. Melaka nayo husimuliwa kwamba ilipata jina kutokana na mti ambao mwanzilishi wake, Parameswara, alikuwa ameuegemea. Ipoh, mji mkubwa wa Perak, uliitwa kwa mti ambao utomvu wake ulikuwa sumu ya mishale ya wawindaji. Mji ukiitwa kwa mti, hauhitaji kamati ya kuutafutia alama.

Kuala Kangsar ungeweza kukupa kazi ya mwaka mzima. Picha inayosambazwa sana ni ya Msikiti wa Ubudiah na kuba zake za dhahabu, uliokamilika mwaka 1917 kwa ramani ya msanifu wa Kiingereza, Arthur Benison Hubback. Msikiti mzuri, lakini sura yake imetoka India ya Wamughali kupitia mkono wa Mwingereza, na ukitafuta uani mwa Wamalei ndani yake utapata kidogo sana. Songa mbele kidogo ufike Istana Kenangan, jumba la mwaka 1926 lililojengwa bila misumari. Kuta zake ni mianzi iliyosukwa kwa michoro ya almasi katika rangi nyeupe, njano na nyeusi, ambazo ni rangi za bendera ya Perak. Mwanzi ule ule wa mboga na wa methali umekuwa ukuta wa mfalme. Vuka mto uingie Sayong, ukute wafinyanzi wa labu sayong, mtungi mweusi wa maji wenye umbo la kibuyu. Huchomwa, kisha hufukizwa katika makapi ya mpunga ili upate weusi wake, na maji yakikaa humo yanapoa. Hapo mmea umekuwa umbo la chombo kizima. Na katika nyumba za mji huo huo wako wanawake wa tekat, wanaotarizi maua kwa uzi wa dhahabu juu ya mahameli, wakipitisha uzi juu ya vipande vigumu vilivyokatwa kwa umbo la ua mpaka ua linainuka juu ya kitambaa. Mito ya maharusi, vifuniko vya tambuu, vyombo vya ikulu, vyote vimepita mikononi mwao.

Mji huo una pia mti mmoja wa kigeni unaoheshimiwa sana. Mwaka 1877 miche ya mpira, iliyotokana na mbegu za Brazil zilizooteshwa kwanza katika bustani ya mimea ya Kew, London, ililetwa Malaya (jina la zamani la nchi za rasi hiyo), na baadhi yake ikapandwa Kuala Kangsar kwa juhudi za Hugh Low, mwakilishi wa serikali ya Uingereza kwa sultani wa Perak. Mmoja bado umesimama. Kutokana na mpira nchi nzima iligeuka: misitu ikafyekwa, wafanyakazi wakaletwa kutoka India kusini, utajiri na jasho vikaenda pamoja. Ni haki mti huo kuhifadhiwa. Lakini ni mti wa kumbukumbu. Wanawake wa tekat hawakuuchukua. Kumbuka tofauti hiyo, nitairudia nikifika Tanga.

Seri Menanti nakutajia kwa ajili ya ikulu yake ya mbao iliyokamilika mwaka 1908, kazi ya mafundi wawili wa Kimalei, Kahar na Taib. Ina nguzo 99, ambazo husemwa kuwa ni za mashujaa 99 wa koo za kale, na mbao za mbele zimechongwa majani yanayotambaa.

Mimea iliingia hata kwenye siasa za nje. Kwa muda mrefu Kedah, Kelantan, Terengganu na Patani zilikuwa zikimpelekea mfalme wa Siam (Thailand ya leo) kila baada ya miaka 3 miti miwili midogo, mmoja wa dhahabu na mmoja wa fedha, yenye majani na maua yaliyofuliwa na masonara. Bangkok iliihesabu kuwa kodi ya utii. Masultani walisema ni zawadi ya urafiki. Mti mmoja, tafsiri mbili, na kila upande ulipata ulichokihitaji bila vita. Desturi hiyo ilikoma kwa dola tatu za kwanza baada ya mkataba wa mwaka 1909 kati ya Uingereza na Siam.

Nembo nazo zinasema kwa ukweli kuliko watu wanavyodhani. Kedah, ghala la mpunga la rasi nzima, imeweka mashuke ya mpunga. Negeri Sembilan imeweka mashuke 9 kwa dola zake 9. Johor haikuweka ua lolote: ina majani ya gambir na pilipili manga. Gambir ni mmea ambao majani yake huchemshwa, na maji yake yakiganda hutafunwa na tambuu, kama katu, na hutumika kusindika ngozi. Katika karne ya 19 mimea hiyo miwili, iliyolimwa na wahamiaji wa Kichina kando ya mito kwa hati za mtawala, ndiyo iliyoijenga Johor ya sasa. Napenda uaminifu wa nembo hiyo. Imekiri ni nani waliolima, na fedha ilitoka wapi.

Halafu likaja haibiskasi. Baada ya uhuru wa mwaka 1957 Malaya ilitafuta ua la taifa, na miongoni mwa yaliyoshindanishwa kulikuwa na mlangilangi, yasmini, yungiyungi na bunga tanjung. Mwaka 1960 likachaguliwa haibiskasi jekundu, bunga raya. Baadaye petali zake 5 zikahusishwa na kanuni 5 za taifa zilizotangazwa mwaka 1970. Kwa taifa la watu wa asili mbalimbali uchaguzi huo una mantiki: ua lisilo la kabila moja, linaloota katika kila ua wa nyumba. Kwa miji ya kifalme, naona, uliwafanya wapangaji wavivu. Ukiwa na ua lililo tayari kwenye noti za ringgit, ni rahisi kulimwaga kwa saruji kwenye kila mzunguko wa barabara, na mji wenye tekat na mtungi wake ukafanana na mji wowote ule. Baya zaidi ni kupanda kwa kufuata picha za hoteli za ufukweni. Kemboja, ule mti wenye maua meupe yenye moyo wa njano na utomvu wa maziwa, kwa Wamalei wengi ni mti wa makaburini. Ukiupanda mbele ya ukumbi wa harusi, wazee hawatakwambia kitu, lakini hawatapaona pao.

Basi, Tanga. Najua mkonge ndio utakaotajwa kwanza kwenye kikao chenu. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta mwaka 1893, na miche 62 iliyosalia ikazaa mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane ulimwenguni. Huo ndio mti wenu wa mpira. Uwekeni pale penye historia ya bandari, reli na manamba, na muieleze historia hiyo bila kuipamba. Msiufanye kuwa nakshi ya kila benchi kwa sababu tu unatambulika haraka.

Nakshi itafuteni kwa kinamama. Ulizeni nini kinawekwa kwenye kikuba, nini kinatandikwa kitandani kwa bibi harusi, yasmini inatungwaje, rihani inaoteshwa upande gani wa nyumba, mgonjwa anafukizwa kwa majani gani, makaburini kumepandwa nini na kwa nini. Ulizeni mafundi seremala wazee kuhusu yungiyungi na mitambaa iliyochongwa kwenye milango ya kale ya pwani: waliianzia wapi kuchonga, chini au katikati? Ulizeni wauza kanga ni michoro gani ya majani na matunda inayopendwa mbali na korosho. Andikeni jina la mmea kama lilivyotamkwa, pamoja na matumizi yake na mahali unapoota leo. Mimea isiyoota tena mjini iwekeeni alama, kwa maana hiyo ndiyo ya kupandwa mapema kuliko yote. Mchoro wa mmea ambao watoto hawajawahi kuunusa utakuwa ukurasa wa kitabu cha jiografia.

Kisha pandeni kwanza, mchonge baadaye. Mkishaijaza orodha hiyo, nitumieni, na muambatanishe picha za milango miwili mitatu ambayo bado iko wima karibu na bandari, iliyopigwa kwa karibu kiasi cha kuonyesha shina linapoanzia.